Saa ya Kuamsha na Mafumbo ya Picha

 

Leo nataka tuzungumze habari za saa ya kuamsha, ile saa ya zamani ya kutiwa ufunguo, yenye kengele kichwani kama kofia. Siku hizi watu wengi huamshwa na simu zao. Walakini saa hizi zingalimo katika nyumba nyingi, na mtu akizifahamu hupata faida kubwa kuliko ile ya kuamka mapema. Pamoja na saa nitawapeni mafumbo ya picha. Picha zenyewe mtazichora ninyi. Mwenye ubao na chaki avitwae, mwenye karatasi aiandae, na asiye na kitu achukue kijiti achore mchangani, maana mchanga ni ubao wa kila mtu.

Nitaanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, kwa kuwa ndicho fumbo kubwa la leo. Nakuombeni mkishike mioyoni mpaka mwisho, wala msifanye haraka ya kutoa hukumu.

Ilikuwa siku moja kabla ya mtihani wa kuingia shule ya juu. Shule ile ilikuwa mbali na kwetu, na motokaa ya abiria ilipita njia panda saa 11 alfajiri, mara moja tu kwa siku. Ilinipasa niamke saa 10. Mjomba wangu alikuwa na saa ya kuamsha, akaniazima. Nikaichukua kwa fahari nyingi. Saa 8 mchana nikaitia ufunguo wa mwendo, nikaitia na ufunguo wa kengele, nikaelekeza akrabu ndogo ya kengele kwenye namba 4, ambayo kwetu sisi ni saa 10. Kisha nikaizungushia blanketi, nikaifungia sandukuni ili watoto wasiichezee, nikaenda zangu mtoni kuoga na kufua nguo. Mama alikuwa shamba, na ndugu yangu mdogo alikuwa uani akichunga kuku.

Usiku nikaitoa saa sandukuni, nikaiweka karibu na kichwa changu. Ilikuwa ikienda vizuri, na majira yake yalikuwa sawa. Nikalala. Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limekwisha kuchomoza. Saa ilikuwa inakwenda kama jana, lakini kengele haikulia hata kidogo. Nikakimbia mpaka njia panda, nikakuta vumbi tu. Nikaenda kwa miguu, nikafika adhuhuri, mlango wa mtihani umekwisha kufungwa. Nikapoteza mwaka mzima.

Niliporudi nilikuwa na hasira kama simba. Nikasema, nani aliyeizuia kengele? Ndugu yangu mdogo alikuwa na tabia ya kuishikashika saa ile kila tulipokwenda kwa mjomba. Basi nikamshitaki kwa baba. Mtoto akalia, akasema, "Kaka, wallahi sikuigusa." Hakuna aliyemsadiki. Akapigwa, na kwa siku nyingi akaitwa mwongo.

Haya, hilo ndilo fumbo. Je, mtoto alisema kweli au alisema uongo? Ili tujibu, hatuna budi kuifungua saa na kutazama ndani yake. Na kabla ya kuifungua, tujifunze kusoma picha za magurudumu.

Fumbo la kwanza. Chora magurudumu 5 kwa mstari, yote yana meno, na kila moja limeshikana na jirani yake. La kwanza, la mkono wa kushoto, lizungushe kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa. Je, la tano litazunguka upande gani?

Usijibu kwa kubahatisha. Tazama mahali pale ambapo la kwanza na la pili hugusana. Hapo meno ya la kwanza yanashuka chini, nayo huyasukuma chini meno ya la pili. Lakini yale meno ya la pili yako ubavu wake wa kushoto. Na gurudumu likishuka kwa kushoto, huzunguka kinyume cha akrabu. Basi la pili ni kinyume. La tatu litakuwa kinyume cha kinyume, yaani litafuata akrabu. La nne kinyume, la tano litafuata akrabu. Kumbe kanuni ni nyepesi: la 1, la 3 na la 5 huenda pamoja, la 2 na la 4 huenda kinyume chao.

Fumbo la pili. Chora magurudumu 3 tu, lakini yapange kama mafiga, kila moja limeshikana na mawili mengine. Zungusha la kwanza. Je, la tatu litakwenda wapi?

Wengi hujibu upesi na wengi hukosea. La kwanza likifuata akrabu, la pili huenda kinyume, na la pili hulitaka la tatu lifuate akrabu. Lakini la tatu limegusana na la kwanza pia, na la kwanza hulitaka liende kinyume. La tatu lina mabwana wawili, huyu asema njoo, huyu asema nenda. Jibu ni kwamba hakuna gurudumu litakalozunguka hata moja. Yote matatu yamefungana. Fundi asiyejua fumbo hili aweza kutengeneza mashine nzuri ya kutazamwa tu.

Sasa tuifungue saa yetu, kwa mawazo tu, maana nitawaambieni baadaye kwa nini si vema kuifungua kwa bisibisi.

Kitu cha kwanza ni kamani. Kamani ni utepe wa chuma cha pua, mrefu na mwembamba, uliokunjwa mviringo kama mkeka. Unapotia ufunguo huukaza utepe huo, nao hutaka kurudi katika hali yake ya kulegea. Nguvu uliyoitia kwa vidole vyako jioni ndiyo itakayoiendesha saa usiku kucha. Saa haina nguvu yake mwenyewe. Inatumia akiba uliyoiweka wewe.

Lakini kamani haina subira. Ukiiachia, humaliza akiba yote kwa kishindo kimoja, kama mtu apokeaye mshahara asubuhi akaumaliza kabla ya magharibi. Kwa hiyo fundi ameweka mlinzi wa kuigawa akiba ile kidogo kidogo. Nguvu ya kamani hupita katika magurudumu kadha wa kadha mpaka kufikia gurudumu moja jepesi lenye meno yaliyochongoka. Juu ya gurudumu hilo pana kipande kidogo chenye mikono miwili kama nanga, na katika saa nyingi za kuamsha, kila mkono una kijiti kimoja cha chuma. Kijiti kimoja kikilinasa jino, gurudumu husimama. Nanga ikipepesuka, jino huponyoka, na papo hapo kijiti cha pili hunasa jino jingine. Ile sauti ya tiki-tiki tuisikiayo usiku ni sauti ya meno yakinaswa na kuachiliwa.

Ni nani aipepesuaye nanga? Ni gurudumu la mizani. Hilo halina meno. Huenda na kurudi, huenda na kurudi, kama mtoto katika pembea. Limefungwa kwa kamani ya pili, nyembamba kama unywele, ambayo hulirudisha kila mara. Ufundi huu wa kamani nyembamba ulitangazwa na mtaalamu wa Uholanzi jina lake Christiaan Huygens mwaka 1675. Kabla ya hapo, mwaka 1656, yeye huyo alitengeneza saa iliyoongozwa na uzito unaoning'inia na kubembea. Lakini saa ya namna hiyo haipendi kuhamishwa wala kutikiswa. Kamani nyembamba ndiyo iliyofanya iwezekane saa kubebwa mfukoni au kuwekwa kando ya kitanda ikashika majira sawa. Tena kila jino linapoponyoka hulisukuma kidogo gurudumu la mizani, lisije likachoka na kusimama. Basi mlinzi humzuia mwenye nguvu, na mwenye nguvu humlisha mlinzi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme saa yetu hupiga tiki mara 4 katika kila sekunde. Kwa saa moja ni mara 14,400. Tuseme tena lile gurudumu la meno yaliyochongoka lina meno 15. Kila jino hupiga tiki mbili, kwa hiyo mzunguko mmoja ni tiki 30. Gawanya 14,400 kwa 30, utapata mizunguko 480 katika saa moja. Lakini akrabu ndefu ya dakika huzunguka mara 1 tu katika saa hiyo. Je, mara 1 inageukaje kuwa mara 480?

Jibu ni gurudumu kubwa kuliendesha dogo. Chora gurudumu la meno 64 likishikana na dogo la meno 8. Kubwa likizunguka mara 1, dogo huzunguka mara 8. Sasa katika mhimili wa lile dogo funga kubwa jingine la meno 60, liendeshe dogo la pili la meno 8. Hiyo ni mara 7 na nusu. Mara 8 kwa 7 na nusu ni 60. Basi mhimili huo wa tatu huzunguka mara 60 kwa saa, yaani mara 1 kwa dakika, nao wafaa kushika akrabu ya sekunde. Funga hapo kubwa la meno 64, liendeshe dogo la meno 8: 60 kwa 8 ni 480. Hesabu imetimia. Tena kumbuka fumbo la kwanza. Mhimili wa 1 na wa 3 huenda upande mmoja. Ndiyo maana akrabu ya dakika na akrabu ya sekunde hazigombani.

Fumbo la tatu ni hili. Akrabu fupi ya saa huzunguka mara 1 wakati akrabu ndefu izungukapo mara 12. Kwa nini fundi hakuweka gurudumu moja dogo na moja kubwa lenye meno mara 12, akamaliza kazi? Katika saa ya kawaida ameweka hatua mbili: mathalan meno 12 huendesha meno 36, hiyo ni mara 3, kisha katika mhimili huo huo meno 10 huendesha meno 40, hiyo ni mara 4, na 3 kwa 4 ni 12. Kwa nini ajisumbue?

Naam, nadhani wengine mmekwisha kujua. Kwa hatua moja akrabu fupi ingezunguka kinyume cha ndefu, na baada ya saa 3 tungerudi saa 2. Fauka ya hayo, akrabu zote mbili zataka kukaa katikati mahali pamoja, na magurudumu mawili yanayosukumana hayawezi kukaa katika kitovu kimoja. Hatua ya pili huurudisha mwendo katika njia yake, na huurudisha nyumbani katikati.

Hayo ni ya mwendo. Sasa tufikie kengele, ambayo ndiyo iliyonitia hasara.

Kengele ina kamani yake peke yake na ufunguo wake peke yake. Kamani hiyo haina gurudumu la mizani la kuipima; ikifunguliwa, huipepesua nyundo upesi upesi mpaka akiba ikwishe, na baada ya muda mfupi kengele hunyamaza. Ni nini kiizuiacho mpaka wakati wake? Nyuma ya uso wa saa pana vipande viwili vya mviringo vilivyokaa katika mhimili mmoja, kimoja kinaelekea kingine. Kimoja huzunguka pamoja na akrabu fupi. Cha pili hukaa pale tulipokiweka tulipotega kengele. Kimoja kina kijino, na kingine kina kishimo. Muda wote kijino huteleza juu ya uso wa mwenzake bila kupata pa kuingia. Kikifika penye kishimo, hutumbukia kwa kusukumwa na utepe wa chuma. Mwendo huo ni mdogo sana, lakini watosha: utepe ule ulikuwa umeishika nyundo mkia, na sasa umeiachia. Kengele hulia.

Kishimo hicho kina ukingo mmoja wa mteremko, ili kijino kiweze kupanda tena na kuendelea na safari. Ukingo wa pili umesimama wima kama ukuta. Ndiyo sababu saa nyingi zina mshale mdogo nyuma kuonyesha upande wa kutegea kengele. Anayezungusha kinyume cha mshale hugonga ukuta, na saa huharibika.

Ufundi huu haukupatikana kwa siku moja. Mwaka 1787 fundi wa saa jina lake Levi Hutchins, wa mji wa Concord katika New Hampshire huko Marekani, alijitengenezea saa ya kumwamsha. Lakini iliweza kulia kwa wakati mmoja tu, wakati aliopenda yeye kuamka, nao ulikuwa saa 10 alfajiri. Mwaka 1847 Antoine Redier wa Ufaransa alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa saa ambayo mtu huitega kwa wakati autakao. Na mwaka 1876 Seth E. Thomas wa Marekani alipata hati kwa ajili ya saa ndogo ya kuamsha ya kuwekwa kando ya kitanda. Baada ya hapo viwanda vilitengeneza nyingi, bei ikashuka, zikafika hata vijijini kwetu.

Haya, turudi kwenye fumbo letu kubwa. Miaka kadha baada ya kisa kile nilipita mjini, nikamkuta fundi wa saa barazani, mzee mwenye kioo jichoni. Katika kuzungumza nikamsimulia habari zangu, nikamtukana ndugu yangu mbele yake. Mzee akaweka chini kibanio chake. Akaniuliza, "Bwana mdogo, kengele uliitia ufunguo saa ngapi?"

Nikamjibu, "Saa 8 mchana, mzee."

Akachukua kipande cha karatasi, akachora nyuso mbili za saa, akanipa kalamu. "Hapa nichoree saa 10 alfajiri. Na hapa nichoree saa 10 jioni."

Nikachora ya kwanza: akrabu fupi kwenye 4, ndefu kwenye 12. Nikachora ya pili: akrabu fupi kwenye 4, ndefu kwenye 12. Mkono wangu ukasimama. Zile picha zilikuwa sawasawa kama mapacha.

Mzee akasema, "Wewe unajua jua liko wapi. Saa haijui. Kijino kile kinazunguka mara 1 kwa saa 12, si kwa saa 24. Uliitia ufunguo saa 8, na saa 10 jioni ikafika baada ya saa 2 tu. Ililia ndani ya blanketi, ndani ya sanduku, nawe uko mtoni. Ikamaliza kamani. Alfajiri kijino kilitumbukia tena, nyundo ikaachiliwa, lakini ilikuwa haina nguvu ya kuiinua. Saa yako ilifanya kama ulivyoiamuru."

Wasikilizaji, niliona haya mpaka nikainama. Nilikuwa nimetia ufunguo kwa mkono wangu. Nilijua saa ina duara moja lenye namba 12. Nilijua siku ina saa 24. Ushahidi wote ulikuwa mbele yangu siku ile ile. Lakini nilimtafuta mtu wa kulaumiwa kabla sijatafuta sababu, na aliye mdogo ndiye aliye rahisi kulaumiwa.

Nikarudi nyumbani, nikamwita ndugu yangu mbele ya baba na mama, nikamchorea zile picha mbili mchangani, nikamwomba radhi. Akazitazama kitambo, kisha akasema, "Ahsante, kaka. Nilikuwa nimeanza kudhani labda niliigusa kweli nikasahau." Neno hilo liliniuma kuliko kukosa mtihani. Mwaka mmoja wa shule niliupata tena. Lakini mtoto aliyeitwa mwongo mpaka akajishuku mwenyewe, nani atamrudishia siku zile?

Basi wenye saa hizi wayashike mambo matatu. Kwanza, tia ufunguo wa kengele usiku uendapo kulala, wakati ambapo muda uliobaki kabla ya kuamka ni chini ya saa 12. Pili, tega kengele kwa kufuata mshale. Tatu, usifungue mwenyewe nyumba ya kamani iliyokazwa, maana hurukia mikono na macho. Mpelekee fundi ajuaye kuilegeza kwanza.

Na wenye mafumbo nawaachieni moja la kwenda nalo. Mtu mmoja alichoka sana, akalala saa 2 usiku. Alitaka kuamka saa 3 asubuhi, kwa hiyo akaitia saa yake ufunguo, akaitega kengele kwenye saa 3, akasinzia pale pale. Je, kengele ilipomwamsha alikuwa amelala saa ngapi? Atakayesema saa 13 na achore picha yake mara ya pili.

Kwaherini, wasikilizaji wangu. Mlale salama, na muamke kwa wakati wenu.